Mawe ya Kupandia Baiskeli

Jana jioni baiskeli ilipita nje ya dirisha langu hapa Wote, na kabla sijaiona nilijua kwamba mnyororo wake umelegea. Ulikuwa ukigonga kava ya chuma kila pedali zilipozunguka: ka, ka, ka, kisha kimya kidogo, kisha ka, ka, ka tena. Nilikuwa nimekaa na barua ya kuomba kazi, ya tatu wiki hii, nikibishana na sentensi moja tangu mchana. Nikaiacha. Sauti hiyohiyo ililia chini ya miguu yangu asubuhi moja nilipokuwa na miaka kumi na mitatu.

Niwaeleze kwanza kuhusu baiskeli yenyewe, maana ndiyo iliyonitesa. Ilikuwa ya baba, nyeusi na nzito, ya aina ile ambayo watu huiita blakmamba, yenye keria pana iliyozoea kubeba mitungi ya maji. Baba alikuwa mlinzi huko Emali na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo baiskeli ikawa yangu ya kuendea shule. Sisi tuliishi upande wa Kalamba na shule ilikuwa karibu na soko la Matiliku. Katikati kulikuwa na vumbi, miiba na mto wa mchanga. Nikiwa juu ya kiti, vidole vya miguu yangu vilizifikia pedali, lakini ardhi havikuifikia. Kuendesha niliweza. Kushuka niliweza pia, kwa kuruka na kuomba Mungu. Kupanda ndiko kulikonishinda, mpaka nisimame juu ya kitu.

Basi nilikuwa na mawe yangu. La kwanza lilikuwa jiwe bapa langoni kwetu. Halafu kulikuwa na kichuguu kilichokufa, gogo la mgunga lililoanguka, na mwisho ukingo wa kalvati karibu na shule. Ukishuka pasipo na jiwe, unaisukuma baiskeli hadi jiwe linalofuata, na hakuna aliyeyapanga mawe hayo akinifikiria mimi.

Na kwetu mtoto hamwamkii mtu mzima akiwa amekaa juu ya baiskeli. Hushuka. Husimama, akashika usukani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Mtu mzima hukuamkia kwa Kikamba, "Wakya?" nawe unajibu, "Aa." Ukidhani mambo yameisha hapo, basi wewe si wa kwetu. Hapo ndipo maswali huanza.

Watu watatu walinishusha kila asubuhi. Wa kwanza alikuwa Mama Kasyoka, aliyekuwa akifagia uwanja wake saa hiyohiyo niliyopita, kana kwamba takataka zake zilikuwa zikiningoja mimi. Wa mwisho alikuwa Mama Ndinda, muuza mandazi wa karibu na shule. Katikati yao, kabla tu ya kuteremka mtoni, alikuwa Mzee Mutiso, na huyo ndiye aliyenimaliza. Aliketi juu ya mtungi wa manjano uliopasuka, kando ya ua wake wa miiba, fimbo ikiwa mapajani. Aliuliza mama ameamkaje. Aliuliza kuku. Kisha aliuliza mbuzi, tena si wote kwa jumla, bali mmoja mmoja: yule mwenye pembe moja anakula? Yule mweusi aliyechechemea ameponyeka mguu? Nami nilisimama pale nikijibu, jicho moja likiangalia jua linavyopanda, nikijua kwamba gogo langu la kupandia liko mbali na kwamba kabla ya kulifikia kuna mchanga wa mto.

Nilimlalamikia mama. Nilimwambia nachelewa kila siku kwa sababu ya salamu, na kwamba Mzee Mutiso anawajua mbuzi wetu kuliko sisi.

"Kwani ukishuka utapungua kilo?" mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Shuka. Salimia watu."

Muhula wa mwisho wa darasa la nane, kanisa letu lilitangaza kwamba litamlipia mtoto mmoja kutoka shule yetu masomo yote ya sekondari, katika shule ya bweni. Kungekuwa na mtihani wa siku moja. Mlango ungefungwa saa mbili kamili. Mchungaji alilitaja neno "kamili" mara tatu, nami nikalibeba neno hilo kichwani wiki nzima kama mtungi uliojaa. Nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na sijabadilika sana. Nilijaribu kuwaza kila kitu kinachoweza kuharibika: mwiba, penseli, homa, nyoka. Usiku wa kuamkia mtihani kulimulika radi mbali sana, upande wa milima ya Mbooni. Kwetu halikuanguka tone hata moja, na katika orodha yangu ya hofu sikuweka mvua.

Asubuhi hiyo mambo yalianza vibaya. Tairi la nyuma lilikuwa limelala, nikapoteza muda mwingi nikipampu huku mama akishika valvu kwa vidole. Mama Kasyoka alinishusha akaniombea kabisa, macho yakiwa yamefumbwa, na ile sala ilikuwa nzuri lakini haikuwa fupi. Nilipopanda tena kwenye kichuguu nilijua sina dakika za mbuzi.

Nilimwona Mzee Mutiso kutoka mbali. Leo nakumbuka kwamba alikuwa amesimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya kamwe, na kwamba alishaiinua fimbo kabla sijamfikia. Siku hiyo niliona tu mtu atakayenishusha. Nikainamisha kichwa juu ya usukani nikakanyaga pedali kwa nguvu zangu zote.

"Mwikali!" aliita. "Wee Mwikali! Mwana wa Nzioki!"

Sikugeuka. Nilihisi masikio yakiwaka moto. Hakuna mtoto aliyewahi kumpita Mzee Mutiso hivyo, na nilianza kuyaona yote yatakayofuata: atamwambia mama, mama atamwambia baba kwa simu, Jumapili kanisani watu watanitazama. Huku nawaza hayo, nikizidi kukanyaga, mnyororo ukagonga kava, ka, ka, ka, mara pedali zikawa nyepesi kabisa. Mnyororo ulikuwa umetoka.

Niliruka, nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikaanza kuurudisha mnyororo kwa kijiti. Ulikuwa ukiingia kwenye jino moja na kuteleza kwenye lingine. Grisi ilinijaa hadi vifundo vya mikono na sketi ya shule ikapata alama nyeusi. Mnyororo uliposhika hatimaye, nilisikia nyuma yangu mlio wa akala, zile ndala za tairi, zikipiga vumbi haraka. Mzee Mutiso alikuwa anakuja. Alikuwa anakimbia, kama unaweza kukuita kule kukimbia, fimbo mkononi.

Nieleweni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mzee niliyemkosea heshima alikuwa ananifukuza na fimbo. Sikufikiria hata kidogo kwamba mtu anaweza kukimbia kwa sababu nyingine. Niliishika baiskeli nikaisukuma mteremkoni, nikaingia mtoni.

Mto ulikuwa mkavu kama tulivyouzoea, mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, na mashimo ya kuchotea maji yaliyozungushiwa miiba. Lakini mchanga ule haukubali magurudumu. Tairi la mbele lilizama, nikainua. La nyuma likazama, nikavuta. Nilifika karibu na katikati nikiwa nahema kama mbwa. Nyuma yangu sauti ya Mzee Mutiso ilikuwa imefika kwenye ukingo.

"Rudi! Lete hiyo baiskeli huku! Rudi!"

Anataka kuninyang'anya baiskeli, niliwaza. Ataichukua mpaka baba aje kuiomba. Nikasukuma zaidi.

Kisha nikasikia lori. Nilidhani ni lori, lile la kubeba mchanga, likija kwa gia nzito kutoka juu. Nilisimama nisikilize linatokea wapi. Mlio haukupanda wala kushuka. Ndege wote walikuwa wamenyamaza, na upepo uliokuja kutoka kwenye kona ya mto ulikuwa baridi na ulinuka udongo mbichi. Mtoto yeyote wa kwetu huambiwa kuhusu harufu hiyo kabla hajaanza shule. Maji huanguka milimani usiku, nanyi mnalala pakavu, halafu asubuhi yanakuja.

Miguu yangu haikusogea. Ningependa kuwaambia kwamba nilikimbia, lakini nilisimama nikiwa nimeishika baiskeli, nikihesabu: ng'ambo ile ni hatua ngapi, nyuma ni hatua ngapi, baiskeli je, mtihani je. Hata wakati huo nilikuwa nahesabu.

Mkono uliikamata keria kwa nyuma ukaivuta baiskeli kwa nguvu hata nikageuka nayo. Mzee Mutiso alikuwa ameingia mchangani. Fimbo alikuwa ameitupa. Yeye alivuta na mimi nikasukuma, na baiskeli iliyokuwa imekataa kwenda mbele ikakubali kurudi, au labda hofu ndiyo iliyoibeba. Tulipoanza kupanda ukingo maji yalikuwa yameshatokea kwenye kona, yakisukuma mbele yake ukuta wa vijiti, majani makavu na povu. Yalitupiga miguuni katika hatua za mwisho. Akala moja ya mzee ilibaki ndani, nikaiona ikizunguka mara mbili kisha ikaenda zake.

Tuliketi juu ya ukingo. Mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa na ulinguruma kiasi kwamba ilibidi kupaza sauti. Nilingoja anichape. Alifuta jasho, akatazama mguu wake usio na kiatu, kisha akanigeukia.

"Wakya?" alisema.

Nilisimama. Nikashika usukani kwa mikono miwili. "Aa."

"Mama yako ameamkaje?"

"Ameamka vyema."

"Kuku?"

Na mbuzi. Mmoja mmoja, wote. Nilijibu huku machozi yakinitiririka, na hadi leo sijui kama nililia kwa woga, kwa aibu au kwa sababu saa mbili ilikuwa inapita. Alipomaliza nikamwambia kuhusu mtihani. Alitikisa kichwa akasema, "Njia ya darajani iko. Utachelewa, lakini utafika. Panda." Hapakuwa na jiwe pale. Aliinama kwenye ukingo, akaiweka mikono yake pamoja kama ngazi, nami nikaukanyaga mkono wa mtu mzima nikapanda baiskeli.

Nilifika wenzangu wakiwa katikati ya karatasi ya kwanza. Mchungaji alitazama saa, akatazama mikono yangu, akaniruhusu kuingia, ila muda hakuniongezea. Karatasi zangu zote zilikuwa na alama za vidole vya grisi. Nafasi ile aliipata mwingine, mtoto mwenye akili na aliyestahili. Mimi nilienda sekondari ya kutwa, miaka minne, kwa baiskeli hiyohiyo, kwa njia hiyohiyo. Nilishuka kila asubuhi, lakini kwa moyo mgumu. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani: bila salamu za watu hawa, ningeuvuka mto mapema kabla ya maji, ningekuwa kwenye dawati saa mbili kasoro. Nilimshukuru Mzee Mutiso kwa mdomo, lakini ndani yangu nilimlaumu. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja bila kugombana.

Ni mwaka jana tu, nikiwa nyumbani baada ya kumaliza chuo, ndipo niliposikia upande wa pili. Tulikuwa tunachagua ndengu na mama, tukitoa mawe. Sijui tulifikaje kwenye habari za zamani. Nilimwambia kwa utani kwamba wale wazee watatu ndio walioninyima shule ya bweni.

Mama aliacha kuchagua.

"Unajua nilikuwa nakaa na simu mapajani kila asubuhi?" alisema. "Niliwaomba. Kasyoka akikuona umesimama, umejibu vizuri, hujaumia, ananiflash, simu inalia mara moja anakata. Halafu Mutiso. Halafu Ndinda. Flash tatu, naenda shambani. Njia ile haina watu, na wewe ulikuwa msichana peke yako kwenye baiskeli kubwa. Ulitaka nifanyeje?"

"Na mbuzi? Mbona aliuliza mbuzi wote?"

"Nilimwambia akuongeleshe mpaka ajue uko sawa. Mbuzi alichagua mwenyewe." Alichota ndengu nyingine kwenye ungo. "Siku ile flash ya pili haikuja. Nilikaa hapo mlangoni. Nilikaa."

Akaokota kijiwe kwenye ndengu, akakitupa uani.

Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko barua zote nilizoandika. Miaka yote nilihesabu dakika zangu, na hakuna hata siku moja nilipowaza kwamba kuna mtu mwingine anayehesabu, ameketi mlangoni, akingoja simu ilie mara moja na kukatika. Nilipompita Mzee Mutiso bila kushuka, nilikuwa nampita mama pia.

Mzee Mutiso bado yupo, ingawa macho yamepungua nguvu na mtungi umebadilishwa kwa kiti cha plastiki. Nikienda nyumbani huazima baiskeli ya baba, sasa miguu inafika chini na sihitaji jiwe, na hushuka kabla hajaniita. Nashika usukani kwa mikono miwili. Ananiuliza mama, kisha kuku, kisha yule mwenye pembe moja. Mbuzi tuliwauza wote nilipoingia chuo. Namjibu kwamba anakula vizuri. Halafu sipandi mara moja. Nasimama pale mpaka aingize mkono mfukoni, atoe simu yake ndogo, aisogeze karibu na jicho na kubonyeza, na huko nyumbani simu ya mama ilie mara moja.