Siku ya Kumkaanga Agar

Zorobabel ndiye aliyeanzisha komite, na hakuacha mtu asahau. Vita ilipokata njia ya Kinshasa, maprofesa wakabaki ng'ambo ya mstari wa mapigano, na wale waliokuwa wakitafuta udaktari wa biashara pale Butembo wakakosa hata mmoja wa kuwasomea kazi zao. Walikuwa watu wachache, wote wasaidizi wa chuo, mchana wakifundisha na jioni wakilalamika. "Tujisomeshe siye wenyewe," Zorobabel akasema, wakamchagua prezida siku hiyohiyo. Parokia moja ya mtaa wa Bulengera iliwaazima chumba cha katekisimu. Benchi zilikuwa za watoto, basi madaktari hao wa kesho walikaa magoti yakigusa videvu, wakaendesha mikutano yao kwa heshima zote.

Sheria kubwa ya komite aliitunga yeye: hakuna kwenda mbele ya profesa kabla hujakaangwa. Ndivyo walivyoita wenyewe. Mwenzako mmoja anachukua tasnifu yako, anaisoma yote, halafu anasimama mbele ya wenzenu na kukushambulia bila huruma, mradi asiulize jambo asilolijua. Ukitoka salama, umeiva.

Sasa ikaja habari kwamba Profesa Ézéchias, mzaliwa wa Lubero anayefundisha Kampala, atafika Beni baada ya Pasaka. Atasikiliza watu wawili, na mmoja atampandisha kwenye gari lake, avuke naye mpaka wa Kasindi, akamalizie udaktari huko. Nafasi moja tu! Kila mtu alijua ni ya Zorobabel, na Zorobabel alijua kuliko wote. Miaka mingi alikuwa akiandika juu ya biashara ya kahawa kule Kamango, mpakani. Tatizo lilikuwa kwamba Kamango hakukufikika tena, njia ilijaa watu wenye bunduki. Wenzake walimshauri achague kitu cha karibu. Akakataa, ana kiburi huyo, akasema atangoja njia ifunguke.

Wakati yeye anangoja, Agar akamaliza.

Agar! Msichana aliyemfundisha mwenyewe, aliyekuwa akimfutia ubao! Kaandika juu ya akina mama wa soko la Bulengera, jinsi wanavyolindiana meza: mmoja akikimbia vita, jirani yake anamuuzia vitu vyake mpaka arudi, bila karatasi wala shahidi. Kazi ya kutembea kwa miguu tu kutoka nyumbani. Zorobabel aliposikia kwamba Agar ndiye wa pili wa kwenda Beni, wivu ulimshika, akaacha chai yake ikapoa.

"Nani atamukaanga Agar?" akauliza Muyisa, mwandishi wa komite.

"Miye," akasema Zorobabel kabla mwingine hajafungua mdomo.

Basi akaichukua ile tasnifu nyumbani kama mtu aliyepewa adui yake amefungwa kamba. Akaisoma, akairudia. Alitafuta uongo, na alipoukosa kwenye kurasa akaenda kuutafuta sokoni. Akamkuta Mama Julie, muuza makayabo, yaani samaki wakavu wa chumvi, ambaye Agar alimtaja mara nyingi kuliko wote.

"Ule mudada alishaniuliza hii yote," Mama Julie akamwambia. "Weye njo unakuya kufanya nini?"

"Kuhakikisha, mama."

"Basi ikala chini, usinifungie bakiliya banaotaka kununua."

Akakaa, na kesho yake akarudi. Akajua nani alikimbilia wapi, nani alimlindia nani meza, na samaki gani waliharibika. Mikutano ya komite ikawa hiyo tu: Agar amesema hivi, Agar amesahau vile. Nyumbani vilevile, mpaka mke wake Léa, mama wa mtoto wao Élysée, akachoka.

"Papa Élysée, toka asubui ni Agar, Agar! Na Kamango yako iko wapi?"

"Aka! Uniache, mama. Niko na kazi, ninatumika."

"Unatumika kazi ya mutu."

Zorobabel akageuza ukurasa. Alikuwa ameshapata alichokitafuta, na furaha ilimnyima usingizi.

Siku ya kukaanga chumba kilijaa. Zorobabel akasimama, akaanza kwa upole, halafu akalitoa swali lake: "Na jirani akikatala kurudisha meza? Mwenyewe anatoka kukimbia, anakuta mutu ameikala pa fasi yake. Bilishatokea, tena kwa soko yako hii hii. Katika thèse yako, hii neno iko wapi?"

Agar akavuta tasnifu yake. Akafungua kurasa, akazifunga. Loo, utamu alioupata Zorobabel! Alitamani dakika ile iendelee mpaka usiku.

Kisha Agar akainua uso. "Wasingya, yaya," akasema, kama anayemwita kaka mkubwa. "Ile sikuiwaza. Nitaenda kuitafuta." Akamshukuru! Mbele ya watu wote, tena kwa moyo mweupe. Zorobabel akarudi kwake amekasirika kuliko alivyokuja, wala hakukumbuka kwamba yeye mwenyewe bado hajakaangwa.

Wakapanda jipu moja kwenda Beni, wao wawili na Muyisa, wakishuka kwenye kila kizuizi cha askari kuonyesha vitambulisho. Profesa aliwapokea katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Ruwenzori. Agar akatangulia. Profesa alisikiliza, akakuna ndevu, akauliza: "Na jirani akikatala kurudisha meza?"

Neno kwa neno! Lilikuwa swali la Zorobabel. Agar akajibu bila kuhema: wamama wenyewe ndio wanaohukumu, na anayekatala haazimwi tena hata chumvi, mpaka aondoke mwenyewe. Midomo ya Zorobabel ilikuwa ikitembea pamoja na yake, kwa sababu jibu lile alilijua pia. Alikuwa amelifuata sokoni mwenyewe, akiogopa Agar asije akalipata. Akaona ana haki ya kulia.

Ikawa zamu yake. Alisema vizuri, maana ni msemaji, mpaka profesa akamkatiza: "Unipe mufano moja, papa. Mufanyabiashara wa kule, anafanya namna gani wakati njia imefungwa?"

"Kuko mama moja," Zorobabel akasema upesi, "Mama Julie, anauzisha makayabo…"

Muyisa akaangalia viatu vyake.

"Ule ni wa madame," profesa akasema taratibu. "Miye ninauliza ya Kamango."

Akaitafuta Kamango kichwani mwake. Akakuta meza, samaki, majina ya wamama, kurasa nzima za Agar na namba zake. Kahawa yake hakuiona. Tangu Noeli alikuwa hajaigusa.

Agar akapanda gari. Kabla ya kufunga mlango akashuka tena, akamshika Zorobabel mkono kwa mikono yake miwili. "Yaya, hakuna mutu alisoma kazi yangu kama weye. Nitakutaja mbele ya jury ya maprofesa." Zorobabel akasema asante, na ndani akamtakia pancha.

Mwezi uliofuata profesa akatuma salamu kwamba atarudi, na atachukua mwingine. Komite ikakaa kwenye benchi zake fupi.

"Nani atamukaanga prezida?" akauliza Muyisa.

Hakuna aliyeinua mkono. Zorobabel akawatazama mmoja mmoja. Akacheka kidogo. "Munaniogopa?"

"Hapana, prezida. Mais sheria ni yako: mutu asiulize jambo asilojua. Ya kwako nani anaijua? Kila mukutano ulituelezea ya Agar."

Ndipo Kavira, mdogo kuliko wote, akauliza kwa adabu, bila ubaya wowote: "Yaya, kwani thèse yako weye ni ya nini?"

Zorobabel akafungua mdomo, na cha kwanza kilichomjia kilikuwa ni Mama Julie na makayabo yake.