Kigong'ota wa Ugoro

Nilikaa shuleni miaka miwili. Mwaka wa tatu baba alinipa shoka, nikaingia porini na mama kuchoma makala, makaa ya miti, na sikulalamika. Nipeleke kwenye pori lolote la huku nyuma ya Kamina, nitakuambia mti gani utatoa makala mazito na mti gani utatoa majivu tu. Unageuza shoka, unagonga shina kwa upande usio na makali, unatega sikio. Mti mzima unajibu kwa ukavu: ko. Uliooza ndani unajibu kama tumbo la mtu aliyekosa bukari, ugali wetu, tangu jana. Lakini mwenye akili haanzi kwa kugonga. Anatazama kwanza kama kigong'ota amekwisha kupita, maana ndege yule hadonoi bure. Anafuata wadudu, na wadudu wanafuata uozo. Nimewafuata kwa macho tangu sina matiti, na sasa nina wajukuu kumi na wawili wa kuniita kambo.

Mmoja wao anasoma chuo mjini. Namsifu huyo mpaka majirani wakiniona wanabadilisha njia. Siku alipokuja na daftari, akasema kazi yake ya kumaliza masomo itahusu vigong'ota wa misitu ya Kamina, nilicheka nikashika ukuta.

“Kambo, unacheka nini?”

“Nacheka juu masomo imezunguka dunia yote, sasa inarudia kwa muchomaji wa makala.”

Alikuwa na kitabu cha fotokopi, fotokopi ya fotokopi, hata ndege wote wamekuwa weusi kama kunguru. Kila aina imechorewa ndege mmoja tu, dume, amevimbisha kifua. Nikamwambia afunge kile kitabu tuende.

Tulitembea siku nne. Nilimwonyesha yule mkubwa mwenye ndevu nyeusi mashavuni kama katekista wa zamani, anayepiga ngoma kwenye tawi kavu polepole, bila haraka ya mtu. Nilimwonyesha kadogo kuliko wote, ambaye hata bua la mahindi anapanda na kulidonoa. Kuna wa mkia wa manjano. Yeye analia mara moja tu, kama mtu aliyefinywa, halafu kimya. Na wa kijani, wa msitu wa mtoni, ambaye tulimtafuta asubuhi nzima tusimwone, mjukuu akaandika kwa neno langu.

Wakabaki wale wa kichuguu. Hao wanashuka mpaka chini kula siunguu, yaani sisimizi, na mchwa. Mmoja ana wekundu kichwani kuanzia paji mpaka kisogo. Mwingine paji lake ni jeusi lenye vitone vyeupe, na kidevuni na chini ya jicho ni kahawia, sawasawa na mama mkwe wangu alipokwisha kuvuta ugoro. Ndiyo maana nyumbani tulimwita wa ugoro. Jumla yao wote, sita.

Mjukuu alipindua kurasa zake.

“Kambo, huyu wa ugoro haiko mu kitabu.”

“Kitabu iliandikwa na muntu hakulalaka huku.”

“Ao iko bibi ya ule mwekundu?”

“Bibi? Miye nilizaa batoto munane, utanifundisha bibi iko namna gani? Wale ni makabila mbili. Banakula pamoja ku kichuguu moja, kama sisi na bale bachuuzi ba asili ya Maniema ku soko. Banasali kwao, tunasali kwetu, chumvi tunanunua kwao. Andika sita.”

Akaandika sita.

Alirudi mjini. Baada ya wiki mbili alinipigia simu kwa furaha: mwalimu anayemwongoza amesema aina isiyo kitabuni ndiyo itakayoipa kazi yake uzito, aiweke sura ya kwanza. Kazi inapokelewa ofisini siku ya Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Anayechelewa anangoja mwaka mwingine. Nilipokata simu nilizunguka kijiji kizima, nikaongea sauti ya juu hata kwa wasioniuliza.

Alhamisi nilikwenda kutazama tanuru langu la makala. Pembeni kuna mti wa muputu uliokufa umesimama, sijaukata kwa sababu ndani ni unga mtupu. Nikasikia mlio kama bawaba ya mlango isiyo na mafuta. Makinda. Nikaketi kwenye gogo. Yule mwekundu akaja mdomo umejaa mayai ya siunguu, akashika ukingo wa shimo. Na ndani ya shimo kikatokea kichwa: paji la vitone, kidevu cha ugoro. Akampisha. Mwekundu akaingia, wa ugoro naye akaenda kutafuta chakula.

Nilijiambia, huenda jirani amekuja kusalimia. Nikangoja. Wakapokezana mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya nne nikatoa tusi ambalo baadaye nililipeleka kwa padri. Jirani gani analisha watoto wako siku nzima? Ni mtu na mume wake. Miaka yote ile nilikuwa nimewaachanisha.

Sitaficha: nilifikiri kunyamaza. Nani angejua? Mwalimu mwenyewe amefurahi. Lakini siku ya kuitetea kazi yake wangekaa walimu watatu mbele ya mtoto wangu, na ingetosha mmoja awe na kitabu chenye rangi. Angekifungua mbele ya watu wote. Mtoto angesimama pale amevaa gauni lake jipya, anachekwa kwa ajili ya kinywa changu.

Simu yangu ilikuwa imezimika, na jirani mwenye sahani ya jua ya kuchajia alikuwa amekwenda Kinkondja kununua samaki. Basi. Ijumaa jogoo wa kwanza alinikuta kwenye reli, nimebeba viatu mkononi, napiga hatua juu ya mataruma. Magoti yalilalamika tangu nusu ya njia. Niliyaambia yanyamaze.

Nilifika mjini jua limekwisha kupanda. Karibu na chuo kuna kibanda cha kuandikisha kwa mashine na kutoa karatasi, jenereta inanguruma mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa ndani, kazi yake mkononi, bado ina joto la mashine. Mwalimu wake alikuwa amekuja kutia sahihi. Mpiga mashine, kijana wa mdomo mrefu, akaniona kwanza.

“Kambo, umetuletea makala?”

“Nimeleta makosa. Fungua hiyo mashine yako tena.”

Nikasema yote, nimesimama, mbele ya wateja. Mjukuu akanivuta mkono.

“Kambo, bantu banasikia!”

“Basikie. Leo ni bantu sita. Siku ile ya kujitetea itakuwa salle muzima ya bantu.”

Mwalimu alivua miwani. “Lakini mama, ile aina ya sita njo ilikuwa nguvu ya kazi yote.”

“Haiko aina. Iko bibi ya muntu.”

Kibanda kizima kikacheka, mwalimu hakucheka. Akaniuliza taratibu: “Na hizi tano zenye zinabakia, unajua namna gani haiko bibi na bwana?”

Swali hilo lilinipiga. Nikajibu moja moja. Mwenye ndevu: nimewaona wawili kwenye shimo moja, wote na ndevu, dume ana doa jekundu kisogoni. Kadogo: walizaa kwenye nguzo ya zizi langu. Wa mkia wa manjano: niliangusha mti wao bila kujua, mama na baba wakanizunguka wakilia, sijasahau. Wa kichuguu, jana. Nikafika kwa wa mtoni. Yule nilimwona mara mbili maishani, mara zote peke yake.

“Sijue,” nikasema.

Sijawahi kumtamkia neno hilo mtu aliyesoma. Mjukuu alinitazama kama ananiona leo.

“Sasa tuandike nini?” akauliza, na sauti yake bado ina hasira.

“Andika vile iko. Aina ine tunajua. Ya tano, muchomaji wa makala alimuona mara mbili, bibi yake hakumuona.”

Mwalimu akamwambia mpiga mashine aandike hivyohivyo, na maelezo ya shimo la muputu yaingie sura ya kwanza, mahali pa aina ya sita. Nilisimama nyuma ya kijana yule nikimsimulia, na kila alipotaka kutania nilimgusa bega aendelee. Mjukuu alisoma, akafuta, akasoma tena. Karatasi ya mwisho ilipotoka, hakungoja ipoe. Alikimbia na kandambili zake mkononi.

Niliketi kwenye ngazi, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Alirudi akitembea. Karatasi ya kupokelewa ilikuwa na muhuri, na wino wake ulikuwa umemchafua kidole. Hakunishukuru. Aliketi karibu nami, akanyoosha miguu yake pembeni ya yangu.

“Kambo, siku ya kwanza, Jumatatu, tunaenda ku muto. Tutakaa mpaka tuone shimo ya ule wa kijani. Na kabla ya kuona shimo, weye hausemi kintu.”

Ni mara ya kwanza mtoto yule kuniamuru. Nilimwambia sawa.