Tundu la Skrubu na Uzi wa Daktari

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyomwagiwa ndoo nzima ya maji machafu mbele ya daktari, mbele ya bosi wangu na mbele ya wateja watatu waliokuja kuchukua plau zao, nami nimevaa shati langu la kanisani. Unaniona leo mzee mtulivu, nakula ugali wangu polepole, unadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa na kichwa kigumu kuliko vyuma tulivyokuwa tukivikereza.

Karakana ilikuwa Tarime mjini, mali ya Mzee Chacha. Kazi yangu ilikuwa kunoa plau na kufagia mabaki ya chuma chini ya mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kikichongwa. Mashine yenyewe niliruhusiwa kuigusa jioni tu, tena kwa kitambaa cha kuifutia. Fundi wake alikuwa amehamia Kewanja kufuata kazi za mgodini, na Mzee Chacha hakuwa ameamua nani ashike nafasi yake. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota.

Basi akaja daktari wa mifupa, mtu wa Kagera aliyehamishiwa huku na serikali. Akatoa mfukoni kiskrubu kidogo kama punje ya hindi, chenye tundu mkiani na uzi umepita humo. Akatueleza kwamba mtu akikatika kano ya bega, yaani ile kamba ngumu inayoshikiza nyama kwenye mfupa, kiskrubu hiki kinazamishwa ndani ya mfupa, kisha uzi wake unaifunga kano mahali pake mpaka ipone. Vya kweli ni adimu. Alitaka tumchongee vya mfano, vikubwa kidogo, ili madaktari vijana wajifunzie kwenye mifupa ya ng'ombe.

"Hivi haviingii kwa mtu," akasisitiza. "Lakini lazima vishike kama vya kweli. Kimoja kibebe ndoo ya lita ishirini."

Mzee Chacha akanigeukia. "Mura, ukikiweza hicho, mashine ni yako. Ukishindwa, namleta kijana wa Sirari."

Mura ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita kijana aliyeshatoka jando, na mimi jina hilo lilinivimbisha kichwa kweli kweli. Nikachonga cha kwanza kwa meno madogo yaliyobanana, sawasawa na bolti ya plau, maana bolti ya plau ndicho kitu pekee nilichokijua vizuri duniani. Tukakikaza kwenye kichwa cha mfupa wa ng'ombe tulioupata buchani. Daktari akavuta uzi kwa vidole viwili tu, skrubu ikatoka na unga wa mfupa.

"Fundi, huku mwishoni mfupa ni laini, ndani una vishimo kama mkate," akasema. "Meno yawe machache, marefu, yaachane, yapate pa kushika."

Mimi nikamshauri, mimi wa kufagia, kwamba afadhali tutoboe mfupa hadi upande wa pili tufunge nati. Akaniuliza kwa upole nati hiyo ataifungia wapi, kwapani kwa mgonjwa? Siku nzima wateja walikuwa wakiniita Daktari wa Nati.

Cha pili nilikichonga kwa hasira na kwa uangalifu. Meno yalitoka mazuri, nayakumbuka mpaka leo. Nikatoboa tundu mkiani, nikapuliza vumbi, nikaridhika.

Sasa mlangoni pa karakana alikuwa akikaa Bibi Bhoke, mama yake Mzee Chacha, anashona vibuyu vilivyopasuka. Watu walimletea hata kutoka Susuni. Asubuhi ya majaribio nilipopita na shati langu la kanisani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanyoosha mkono.

"Mura, nipe nikione. Tundu lako umelilainisha?"

"Bibi, hiki ni chuma," nikamjibu. "Si kibuyu."

Akaurudisha mkono. Akarudi kwenye kibuyu chake. Mwanangu, mzee akikuuliza swali halafu akanyamaza, usishangilie.

Tukaufunga mfupa kwenye boriti, skrubu ikakazwa, uzi wa daktari ukapitishwa, ndoo ya maji ya kupozea vyuma ikaning'inizwa. Ikashika! Watu wakapiga makofi. Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa na hadithi fupi. Lakini nilivuta kigoda, nikakaa chini ya ile ndoo, nikaagiza chai.

Chai haikufika. Uzi ulikatika, ndoo ikanikosa kichwa, ikanigonga bega na kunimwagia maji yote. Daktari wa mabega akapata bega la kupima palepale. "Hakuna kilichovunjika," akasema, akijitahidi kuwa na uso wa kazi, akashindwa.

Mzee Chacha hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu kumpigia kijana wa Sirari. Nilitamani kulia, na kwa jinsi nilivyolowa hakuna ambaye angejua.

Ndipo Bibi Bhoke akainuka, akaokota ncha ya uzi, akainua mbele ya macho yangu.

"Uzi ukizidiwa na mzigo, unakatika umechambukachambuka. Huu umekatwa safi. Ukingo wa tundu lako ni wembe. Umekitazama chuma chako siku tatu, uzi hukuutazama hata kidogo. Na nilikuuliza."

Mzee Chacha akarudisha simu mfukoni. "Jioni," akasema. Basi.

Nilikaa chini, sakafuni, miguuni pa Bibi. Alinionyesha jinsi anavyolainisha tundu la kibuyu kwa kupitisha kamba yenye majivu, mbele na nyuma, mpaka kidole kisihisi ukingo. Kwenye chuma nilipaka kamba dawa ya kusagia vali za injini, ile yenye chenga kama mchanga laini, nikasugua mpaka vidole vikafa ganzi. Nikampa akague. Alinirudisha mara nne.

Jioni ndoo ikaning'inizwa tena. Tukasubiri. Ikashika, ikaendelea kushika, mpaka daktari akachoka kutazama. Akaupapasa ukingo wa tundu kwa kidole, akaniuliza, "Hili la kulainisha umelitoa wapi?"

Mwanangu, nakuambia ukweli, mdomo wangu ulifunguka useme nimefikiri mwenyewe. Wateja wale wale walikuwa pale. Mura, kusema amefundishwa chuma na mshona vibuyu!

"Nimefundishwa na Bibi," nikasema. "Asubuhi aliniuliza, nikamdharau."

Mzee Chacha akanitupia kile kitambaa cha kufutia mashine. "Kesho kitafutie mwingine wa kukishika," akasema. Daktari naye akamwendea Bibi, akachuchumaa, akamwomba amwonyeshe fundo analofungia vibuyu.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukitengeneza kitu, usikipende kilicho chako peke yake. Tazama pale kinapogusana na cha mwenzako, kwa sababu unaweza kuwa imara na ukawa ndiwe unayemkata aliyekushikilia. Iwe kazini, iwe kwenye ndoa yako, pitisha kidole pale kila mara. Ukiulizwa swali na usiyemtarajia, lijibu kwa heshima. Na ukisaidiwa, mtaje aliyekusaidia, watu wakiwa wanasikia.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kazi inayoshika na watu wa kukuambia ukweli, na siku ukiaibika, uaibike mbele ya wanaokupenda.