Niliitetea Kinga Iliyokuwa Ikimla Dada Yangu

Msinipe pole. Nilichomfanyia dada yangu nilikifanya nikiwa na akili timamu, na atakayeniambia shetani alinipitia namwambia mapema: hakuna shetani hapa. Ni mimi na mdomo wangu.

Dada, nitamwita Ester, ana lupus, ugonjwa uliomvimbisha viungo hadi akaacha kazi. Alipewa vidonge vya kushusha kinga ya mwili. Mimi nahoji kila kitu, na hilo lilinikera tangu mwanzo. Kanda yetu hii ya ziwa tumezika watu wa UKIMWI huku tukiambiwa kinga ikishuka umekwisha. Leo madaktari mnaishusha kwa makusudi!

Nikachimba mtandaoni. Kweli, dawa zile hupunguza chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili tuliofundishwa shuleni. Vipimo vya Ester navyo vilionyesha zimepungua. Nikaona nimewakamata madaktari.

Kinachoniuma ni kwamba alikuwa anaendelea vizuri. Viungo viliacha kuvimba, akarudi kuuza samaki sokoni Igogo. Majirani walikuwa wanamnong'ona, eti vidonge vya kila siku vinajulikana ni vya ugonjwa gani. Hata umbea huo niliutumia kumshawishi aache vidonge. Akasema daktari alimwonya asiache. Nikamcheka, nikamwambia daktari lazima aseme hivyo.

Siku tunavuka ziwa kwenda Kamanga kumwona mama, kwenye pantoni, akanipa kopo la dawa. "Haya msomi, nimechoka kubishana na wewe."

Nikalitupa ziwani. Nikajiona shujaa!

Mvua za msimu huo hazijaisha, uso wake ukavimba, miguu ikajaa maji, mkojo ukatoka na povu. Figo.

Hospitalini bado nilibisha. Nikamuuliza daktari kwa nini alikuwa anaua askari wa mgonjwa. Hakupandisha sauti.

"Kwa sababu hao askari ndio wanaompiga. Kwenye lupus wanaziona figo zake kama adui. Tulikuwa tunawapunguza, na damu tunaipima ili tusiwamalize. Wewe umewafungulia mlango."

Nilichosoma kilikuwa kweli. Nusu yake.

Sasa Ester anasafishwa damu kwa mashine. Nilipomwomba radhi alinijibu: "Ulitaka kushinda ubishi. Si umeshinda? Toka."

Mama haitikii shikamoo yangu.

Nyie wenzangu mnaojua kila kitu kwa kusoma vichwa vya habari, hojini, sitawazuia. Mimi mwenyewe sijaacha. Lakini hoji dawa yako, mbele ya aliyekuandikia, ukiwa bado unaimeza. Mwili wa mtu mwingine si ukumbi wa mdahalo. Ukikosea hapo, anayelipa si wewe.

Nimejitolea kumpa figo yangu moja. Daktari anasema ikifaa, Ester atameza dawa za kushusha kinga maisha yake yote, mwili wake usije ukaishambulia. Safari hii sikuhoji.

Ester alipoambiwa, aliuliza jambo moja tu: hizo dawa atazitunza nani.