Matone ya Tonton Félicien

Tonton Félicien, kaka wa mama yangu, ndiye mtu pekee ninayemjua Kisangani ambaye kazi yake ni kukaa na samaki bila kumla. Ndugu zake pale kwenye maporomoko ya mto, wanayoyaita chutes, hawajachoka kumcheka. Humuuliza kama samaki wake ameshavaa viatu, kama anasali kabla ya chakula. Yeye huwajibu kwa kunyamaza. Mimi Ursule, ambaye sikujaliwa kipaji hicho, hujibu kwa niaba yake, na mara nyingi tunaagana vibaya.

Alizaliwa palepale, katika ukoo wa watu wanaosimamisha miti katikati ya maji makali na kuning'iniza vikapu vikubwa vya kunasia samaki. Aliparamia miti hiyo tangu utotoni hadi siku kamba ilipokatika na nyonga yake ikavunjika. Nyonga ilipona vibaya. Miaka miwili alikaa kwenye kiti mbele ya nyumba akiwatazama wenzake wakipanda, na nilimwona anavyokwisha. Mimi ni muuguzi, kituo chetu cha afya kiko Mangobo. Ninamtambua mtu anayeuawa na ugonjwa, na ninamtambua pia anayeuawa na kiti.

Ndiyo maana nilimpeleka kwa Mama Chimène, ambaye nilikuwa nikienda kumpima presha nyumbani kwake Makiso. Mama huyo alikulia Muanda, kando ya bahari, na kazi ya marehemu mumewe ndiyo iliyomleta huku kwetu kwenye mto. Alipobaki peke yake aliamua bahari imfuate. Alisimamisha sebuleni tangi la kioo refu kuliko kitanda, akaliwekea umeme wa jua kwa sababu umeme wa mji tunaujua wenyewe, akaagiza chumvi ya mifuko ya kuchanganya na maji ya mvua. Alichokosa ni mtu wa kulitunza. Tonton hajawahi kuiona bahari. Siku ya kwanza alichovya kidole ndani ya tangi, akakilamba, akakunja uso, akaanza kazi.

Samaki wa kwanza aliletwa mwezi wa tano na Franck, mfanyabiashara anayesafirisha mizigo kwa ndege kutoka Kinshasa. Alikuwa wa bluu, ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Franck alimwambia Tonton aende polepole, akakimbilia mizigo yake mingine. Sasa, kwetu kwenye maporomoko, anayetaka kumweka samaki hai hadi saa ya soko hamwachi atulie hata kidogo. Anamtoa kikapuni, na kabla mkono haujakauka ameshamtumbukiza kwenye kapu jingine lililofungwa pale maji yanapopiga kwa nguvu. Huko mkono mwepesi ndio unaosifiwa, na hakuna aliyekuwa mwepesi kama Félicien. Basi akaifungua pampu mpaka mwisho, akachana mfuko, akammimina samaki. Samaki akazunguka tangi lote kwa madaha, na Tonton akarudi nyumbani na furaha yake. Asubuhi alimkuta amelala ubavu.

Mama Chimène alipouliza, Tonton alijibu maneno mawili tu: ilifika imechoka. Hayo mawili yalitembea Makiso nzima. Ikawa Franck ndiye yule anayeleta vitu vilivyokufa, na watu wakaacha kumkabidhi mzigo wowote wa kuharibika.

Haya yote Tonton alinieleza miezi mitatu baadaye, kwenye benchi la wagonjwa. Nilikasirika sana, na nilimwambia. Hakujitetea. Alisema anataka kwanza kujua kilichomuua yule samaki. Tukatafuta kwenye simu yangu, video moja baada ya nyingine, mpaka tukaelewa. Wauzaji huwasafirisha samaki katika maji yenye chumvi pungufu. Ukimtoa humo na kumtupa ghafla kwenye chumvi nyingi, maji ya mwilini yanamtoka, anakauka akiwa ndani ya maji. Dawa yake ni kumwongezea maji ya tangi tone kwa tone, hadi chumvi ilingane.

Hapo muuguzi akaamka ndani yangu. Nilimnunulia mpira wa sérum, ule wa kumtundikia mgonjwa maji, wenye kigurudumu cha kupunguza matone. Wiki nzima alijizoeza nyumbani kwa mabeseni mawili na saa ya mkononi. Ndugu zake walipita wakamkuta anayahesabu matone, wakaondoka wakishikana mabega kwa kicheko. Hakuinua hata kichwa.

Mama Chimène aliagiza samaki wa pili, akasema huyu ndiye wa mwisho. Akifa, tangi litamwagwa na humo atapanga sahani zake. Hakuwa na haja ya kusema Tonton atarudi wapi. Sote tulikijua kile kiti.

Samaki alifika Jumamosi ya mwezi wa tisa, saa sita mchana. Mama Chimène alikuwa amewaalika akina mama wa parokia saa tisa waje kumtazama. Safari hii Franck alimleta mwenyewe hadi sebuleni, akavuta kiti. Alisema leo haondoki, leo anaangalia kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mpira wangu, au ndivyo nilivyojidai.

Samaki alikuwa wa manjano, bapa, mdogo kuliko kiganja. Tonton aliuacha mfuko uelee kwanza ndani ya tangi ili joto lilingane. Kisha akamhamishia kwenye ndoo pamoja na maji yake, akafungua mpira uliotoka kwenye tangi, matone mawili kwa sekunde. Kila baada ya nusu saa alichota maji kidogo na kupima chumvi, akamwaga ya ziada, akaendelea. Nyonga ilikuwa inamuuma, niliiona kwenye taya zake. Hakukubali nimpokee.

Saa tisa wageni wakafika, wakaketi kwenye baraza. Kipimo cha ndoo kilikuwa bado chini ya kile cha tangi. Mama Chimène akaingia na kitambaa chake kizuri kichwani.

"Tonton, wamama wamefika. Tia samaki."

"Bado, Mama. Chumvi haijalingana."

Mwenye nyumba akasema wa kwanza hakucheleweshwa hivi, na kilichomuua si maji, ni safari ya Franck. Franck aliangalia sakafu. Mama Chimène akainama, akaushika mkono wa ndoo ainyanyue mwenyewe. Tonton akaweka kiganja juu ya ndoo. Sijawahi kumwona akimzuia mwenye nyumba, wala mtu yeyote.

"Mama, ile ya kwanza ilifika muzima," alisema. "Ni miye niliiua. Niliitupa mbio mu maji, vile tunafanyaka kwetu ku chutes. Kisha nikasema uongo."

Niliogopa, na niliona fahari, na nilitamani kumvuta shati anyamaze, yote kwa mara moja. Mama Chimène aliiacha ndoo. Franck akasimama. Nilidhani atampiga.

"Miezi ine, Tonton," alisema. "Miezi ine wananiita muuaji wa samaki. Alors, useme tena. Useme kule, mbele ya wamama."

Tonton alinikabidhi saa na mpira. Akajiinua kwa shida, akachechemea hadi barazani. Kupitia mlango nilisikia kila neno. Alisema jina lake, akasema Franck alileta samaki mzima, akasema mikono yake ndiyo iliyomuua na mdomo wake ndio uliomsingizia mwenzake. Hakupunguza, hakupamba, hakumtaja Mungu. Alirudi, akaketi, akachukua saa, akanigombeza kwamba nimeyaacha matone yaende mbio.

Saa kumi na nusu vipimo viwili vikalingana. Akapima tena. Akazima taa ya tangi, akamchota samaki kwa kikombe, akakiinamisha ndani taratibu mpaka samaki akatoka mwenyewe. Wa manjano akashuka moja kwa moja nyuma ya jiwe, akajificha. Akina mama wa parokia waliinama kwa zamu, wakaona jiwe. Wakanywa soda zao, wakaaga mapema kuliko ilivyopangwa.

Mama Chimène aliwasindikiza mpaka geti likafungwa. Kisha akasema atatafuta mtu mwingine. Hakuwa na hasira, na hilo lilinivunja moyo zaidi. Tonton aliitikia kwa kichwa. Akaniambia niandike kwenye karatasi kiasi cha chakula, mara ngapi kwa siku, jinsi ya kupima chumvi, na maji ya kuongeza mvua ikikosekana, ili huyo atakayekuja asibahatishe. Niliandika huku macho yananiwasha. Yeye alikuwa anaifuta ndoo.

"Mama, utamutafuta wapi?" Franck aliuliza. Alikuwa bado amesimama, mikono kifuani. "Mwenye kukasirika ni miye. Na miye nakasirika, sitaficha. Lakini leo ulitaka kuiua hii kwa sababu ya wageni, na mutu mwenye alikukataza ni ule pale."

Mama Chimène alimtazama, akalitazama jiwe. Mkia wa manjano ulionekana kidogo pembeni yake, ukitikisika. Alichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma yote, akampa Tonton.

"Kesho saa mbili," alisema. "Usichelewe."

Franck hakutabasamu. Akamgeukia Tonton na kumnyooshea kidole.

"Bon. Miye sijamaliza. Samaki ingine ikikuja, utakuja we mwenyewe ku airport. Utafungua karton mbele ya batu yote, na utasema kwa sauti kama iko muzima."

Tonton Félicien aliuliza ndege ya Kinshasa inatua siku gani.