Anayenunua Haombi

Nakumbuka Jumamosi moja kule Kagarama nilipokaribia kumkosesha rafiki yangu mke, na silaha niliyotumia ilikuwa falsafa. Nakuambia mapema, mwanangu, usije ukadhani mawazo ni mambo ya watu wenye miwani wanaokaa maktaba. Wazo likitoka kitabuni hupanda pikipiki likafika mpaka nyumbani kwa watu. Langu lilifika asubuhi hiyo nikiwa nimejifunga shuka la sherehe begani na fimbo mkononi, nisijue hata fimbo yenyewe inashikwa vipi.

Siku hizi madereva wa pikipiki wa Kimironko wananiita muzehe kabla sijavua kofia. Nimekubali. Mzee ana haki moja ambayo kijana hana, nayo ni kusimulia ujinga wake bila kuona haya. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita na shahada ya falsafa, shahada ambayo mama yangu aliitaja polepole mbele ya majirani akitumaini mmoja wao atamweleza ni kazi gani.

Rafiki yangu Faustini alikuwa anaoa. Tulikua pamoja Karagwe, upande wa Tanzania, tukarudi Rwanda tukiwa vijana, Kiswahili chetu kikiwa kimekitangulia Kinyarwanda chetu kwa mbali. Msichana aliitwa Klodina, muuguzi, na watu wake nao walikuwa wamerudi kutoka hukohuko. Wote walifurahia ndoa hiyo isipokuwa mtu mmoja, Mzee Laurenti, baba mkubwa wa Klodina, ambaye alimlea tangu baba yake alipofariki. Alikuwa amemwekea akilini mwana wa rafiki yake, na posa ya Faustini aliikubali shingo upande. Kila mtu alijua anatafuta sababu.

Kwetu, kabla ya harusi kuna siku ya kumwomba msichana. Familia mbili hukaa chini ya mahema mawili yanayotazamana, kila upande na msemaji wake. Kazi ya msemaji wa wenyeji ni kukataa. Atasema hapa hakuna msichana, au yupo lakini ameshatolewa, au nyinyi wageni mmechelewa na sura zenu hatuzijui. Kazi ya msemaji wa wageni ni kuvumilia, kusifu, kutania na kuomba upya mpaka wenyeji walainike. Mwisho wake unajulikana na wote, hata na watoto. Lakini ni mchezo unaochezwa kwa dhati: wageni wakitoka langoni kabla ya kukubaliwa, posa imekufa, na kuifufua kunategemea huruma ya wazee. Huruma hiyo Mzee Laurenti hakuwa nayo.

Msemaji wetu alikuwa mjomba wake Faustini, mtu mwenye maneno ya kutosha kata nzima. Wiki ile koo likamshika, sauti ikatoweka. Familia ikatazama huku na huku, ikaniona mimi. Si amesoma, wakasema. Mjomba akaniita, akaninong'oneza, kwa shida, yote niliyohitaji kujua: "Wakikukataa, cheka. Wakikukataa tena, omba tena. Na usilete hotuba." Nikaitikia kwa heshima, nikaenda nyumbani, nikaandika hotuba ya kurasa kumi na moja.

Nisamehe, mwanangu. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba binadamu hana bei na hafai kutumiwa kama chombo, na kwamba uongo ni uongo hata ukisemwa kwa wema. Ni mawazo mazuri hayo, hata leo nayapenda. Ila yalinikuta kama pombe inavyolikuta tumbo tupu. Nilianza kuwasahihisha watu. Binti mmoja niliyekuwa namfuatafuata aliitikia salamu yangu akasema hajambo, nikamuuliza kama ana uhakika. Hakunisalimia tena. Waswahili walishasema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini methali hiyo haikuwamo kwenye mtihani.

Basi tukafika Kagarama, tukaketi. Akasimama msemaji wa wenyeji, Mzee Hamisi, fundi cherehani wa soko la Kimironko na jirani yao wa miaka mingi. Alikuwa Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa, asirudi tena. Wakristo wa Kagarama walimwita yeye kwa sababu mjini hapakuwa na mtu aliyejua kukataa kwa utamu kama wake. Alituuliza kama tumetembea kwa miguu kutoka Karagwe, maana tumechelewa. Tukacheka. Akauliza kama sisi ndio wale waliokuja kutengeneza bomba la maji. Tukacheka tena. Kisha akakunja uso.

"Wageni wetu tunawapenda, lakini poleni. Msichana mnayemtaka ametolewa leo asubuhi. Aliyemchukua alikuja mapema, tena na ng'ombe wanene. Nyinyi ng'ombe wenu wako wapi?"

Nikasimama. Nikasema hilo si kweli, Klodina yupo chumba cha nyuma, nimemwona dirishani akisukwa nywele.

Wachache walicheka wakidhani ni mtindo mpya. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikasema uongo chini ya hema ni uongo vilevile. Nikasema mtu hana bei, binti ana kauli yake mwenyewe, na kumtolea ng'ombe wa mahari ni kumfanya bidhaa, na kwa niaba ya familia ya bwana harusi tunakataa kushiriki biashara ya watu. Faustini alikuwa ananivuta shuka kwa nyuma. Nikadhani ananitia moyo, nikapaza sauti.

Ukurasa wa pili sikuufikia. Mzee Laurenti alikuwa amesimama, ametulia kama mtu aliyekuta barabarani kitu alichokuwa akikitafuta.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia watu wake. "Wametuita wachuuzi wa watu. Na ng'ombe hawana. Lango liko wazi."

Shangazi mmoja wa upande wetu akachukua mkoba wake. Watu wakaanza kuinuka. Faustini akaniambia kwa sauti ndogo, "Umenimaliza, bwana." Nikatazama dirishani, nikamwona Klodina, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, mkono ameuweka mdomoni. Katika kurasa zangu kumi na moja nilikuwa nimeandika neno uhuru mara nyingi sana, lakini uso ule haukuwamo hata mara moja.

Aliyebaki amesimama bila wasiwasi alikuwa Mzee Hamisi. Kwa desturi, wasemaji wakiwa bado wanazungumza, hakuna mwingine mwenye haki ya kufunga mazungumzo, na yeye hakuwa amemaliza. Akamwomba Mzee Laurenti ruhusa ya kuendelea kukataa, kwa kuwa alipikiwa chai na mandazi ili akatae mpaka adhuhuri, na sasa ni saa nne tu. Akiacha sasa itabidi ayarudishe mandazi. Watu wakacheka kidogo. Mzee Laurenti akakaa, maana kumkatiza msemaji wako mwenyewe ni aibu kubwa kuliko tusi la mgeni.

Fundi akanigeukia. "Kijana, umesema mtu hanunuliwi."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe hununua nyanya pale Kimironko?"

"Hununua."

"Huziomba? Unavaa vizuri, unakaa mbele ya fungu la nyanya asubuhi nzima, unawasifu mama zake na bibi zake, unafukuzwa, unarudi?"

Mahema yote mawili yakacheka. Nikasema hapana, natoa pesa naondoka.

"Basi. Anayenunua haombi. Wewe leo umekuja kuomba, na sisi tunakukatalia ili ujue kuomba ni nini. Mwanamume akimpata mke kirahisi atadhani amepata fungu la nyanya. Na yule ng'ombe ni shahidi wetu. Kila akilia, mkwe anakumbuka kwamba kuna watu nyuma ya huyu mwanamke." Akamgeukia Mzee Laurenti. "Ndugu yangu, huyu hakututukana. Amesema kwa vitabu kile ambacho sisi tunakisema kwa mahema. Ila amekisema vibaya sana, na ataadhibiwa. Na kwa kuwa ametaka binti awe na kauli yake, tumuulize, tusije tukaambiwa tena sisi ni wachuuzi."

Hilo halikuwamo katika mpango wa siku hiyo. Shangazi wa Klodina akatumwa ndani. Tukasubiri, wengine wamekaa, wengine nusu wamesimama. Mzee Laurenti alitazama juu ya hema kana kwamba anakagua kamba. Shangazi akarudi, akasimama katikati, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani:

"Anasema wageni wakae. Na anasema yule msemaji wao apewe maji ya kunywa."

Kicheko kilichotoka hapo sijawahi kukisikia tena. Hata Mzee Laurenti mabega yalimtikisika. Alijua jibu limesikika na wote, na hakuwa mtu wa kumkanusha mwanawe mbele ya watu. Akanyoosha kidole kwangu. "Aombe. Tena aombe vizuri."

Adhabu yangu ilikuwa kuanza upya, bila karatasi. Nikaomba, mwanangu, kama sijawahi kuomba kitu. Nikamsifu mama yake Klodina, bibi yake, mlima wa Kagarama na barabara yake. Nilikataliwa, nikacheka. Nilikataliwa tena, nikasema sisi ni wale wa bomba la maji kweli, na tumekuja kuhakikisha kwamba katika nyumba hii upendo haukatiki. Ilikuwa sentensi mbaya, lakini vigelegele vilipigwa. Tukaahidi ng'ombe, nasi tukapewa maziwa, alama ya kukubaliwa. Mjomba asiye na sauti alicheza hadi akasahau kwamba anaumwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye kibanda cha Mzee Hamisi kuomba radhi. Nilitegemea mfano wa kitambaa na mkasi, kama mafundi wenye hekima wanavyosema kwenye hadithi. Hakunitolea mfano wowote. Alinipa pasi ya makaa nishike wakati anatafuta miwani yake, kisha akasema: "Wewe si mjinga. Ungekuwa mjinga ningekucheka nikakusahau. Kosa lako ni kudhani kabla yako hapakuwa na mtu aliyewaza." Nikamuuliza yeye aliyajuaje yale yote. Akasema alikataliwa na wakwe watatu kabla ya kukubaliwa na wa nne, na hiyo nayo ni shule.

Nilikuwa na hadithi niliyoiandika nikiwa chuoni, nikamwachia asome. Alikaa nayo wiki mbili juu ya cherehani. Alipoirudisha alisema, "Humu watu wanazungumza juu ya uhuru kurasa arobaini, na hakuna hata mmoja anayepiga chafya." Niliudhika siku tatu. Siku ya nne nikampa mhusika wangu mafua na shangazi mkali, na uhuru ukaanza kuonekana wenyewe bila kutajwa.

Tangu hapo nimejifunza kuyatambua mawazo yakiwa yamevaa nguo za kazi. Juzi, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulikaa kwenye nyasi mtaani kwetu kujadili mfereji wa maji ya mvua. Ungepita kwenye migomba ya mjane mmoja, Mama Odeta, nyumba zote za chini zingepona. Kijana mhasibu akasema faida ya wengi itangulie. Mzee mmoja akajibu kwamba leo ni mgomba wake, kesho ni ukuta wangu. Mwaka wangu wote wa kwanza wa chuo ulikuwa pale kwenye nyasi, umeshika majembe. Zamani ningesimama na kurasa. Safari hii nilisema tumuulize Mama Odeta. Naye akasema hana neno na mfereji, ila tungoje mikungu miwili ikomae, maana amewaahidi wajukuu. Mfereji ukangoja. Ndizi tulizila wote, wajukuu wakilalamika.

Faustini na Klodina wanakaa Busanza sasa. Wana watoto watatu na wanagombana kwa ustadi. Kila nikifika pale Klodina huniletea maji kwanza, kabla ya salamu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Soma. Soma mpaka macho yaume, wala usimwamini anayekuambia vitabu havilishi mtu; mtu huongozwa na wazo hata asipojua jina lake, na ni afadhali ulijue. Lakini kabla ya kulitoa wazo lako, angalia nani atakayeishi ndani yake kesho yake asubuhi, maana nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Ukikuta desturi usiyoielewa, iulize inawaza nini kabla ya kuihukumu. Nyingine utazikuta zimeoza, nazo zikatae bila woga. Nyingine utazikuta zilishawaza kabla yako, tena kwa kicheko. Na siku ukipewa kusema kwa niaba ya furaha ya mtu mwingine, mtafute kwanza mtu huyo kwa macho, umwone, ndipo ufungue mdomo.

Mungu akujalie mawazo makubwa yanayoweza kuketi mezani na watu wakaendelea kula. Ukikosea, akuletee mwenye ulimi mtamu wa kukurekebisha mbele ya watu bila kukuvunja. Uombe, ukataliwe kwa upole, ucheke, uombe tena, upewe.