Mchele Uliomwagika Jikoni

Juzi nilimkuta mwanangu akipuliza jiko la gesi kama anayezima mshumaa. Mkono wangu ulimpiga kabla sijasema neno.

Mchana mmoja wa utotoni, Ifakara, nilikuwa na umri wake. Jiko la gesi lilikuwa geni kwetu. Tulizoea kuni na kibatari, na kibatari huzimwa kwa kupuliza. Maharage yalipoiva nikaupuliza moto, ukafa, swichi ya gesi sikuifunga. Nikajiona mjuzi.

Baadaye jikoni kulinuka. Nikadhani samaki waliotoka Kivukoni, mtoni, wameharibika kwenye beseni, nikafunga mlango nzi wasiingie. Kisha nikachukua kiberiti nipashe mboga.

Mama aliingia na ungo wa mchele mpya aliokuwa akiupeta uani. Alinusa mara moja tu. Ungo ukaanguka, mchele ukatapakaa, na kofi lake likanirusha ukutani, kiberiti kikaenda upande wake. Akaninyanyua kwa nywele, akaniburuta hadi nje, akanitupa kwenye matope. Akarudi ndani peke yake. Nilisikia akifunga mtungi wa gesi, akigonga madirisha kwa ngumi hadi kioo kikavunjika.

Alitoka mkono ukivuja damu.

"Mama, nisamehe, mchele nitauokota," nililia.

Akaufunga mkono kwa kanga.

Kwa miaka mingi niliamini nilipigwa kwa sababu ya mchele. Jana nikampigia simu.

"Shikamoo mama. Unaukumbuka mchele uliomwagika siku ile ya gesi?"

"Marahaba. Mchele upi?" akasema. "Mimi nakumbuka ulikuwa umeshatoa njiti."